Mafuta ya Nyonyo

Kabla ya kugusa korosho tunajipaka mafuta ya nyonyo,
viganjani hadi viwikoni,
utomvu wa ganda usituchune ngozi.
Na saa nne kasoro, ukungu wa Newala
ukiwa bado umelalia mabati,
sauti langoni inaita jina hilohilo:
"Nyonyo! Mama, nyonyo!"
Meza nzima inacheka.
Neno moja. La kwanza nanunua kwa chupa,
la pili halina bei, ila lina saa.

Chande wangu ana miaka miwili na miezi minne.
Anatafuna muhogo mbichi, anajua kutukana kuku,
anahesabu mpaka tatu kisha anaruka saba.
Dada yake humleta mgongoni,
miguu imening'inia karibu na magoti ya mbebaji.

Nanawa kwa majivu, kwa sabuni, kwa majivu tena.
Mara moja niliharakisha.
Kidole kimoja tu kiligusa shavu lake:
alama ipo, nyeusi, kama punje ya ufuta.
Tangu siku ile sikimbii,
hata akilia.

Bwana Nakoma, msimamizi, anaitazama saa yake.
"Somoe, huyo si mtoto, huyo ni mpangaji.
Ana meno. Mpe chapati."
Nikamwonyesha karatasi ukutani,
ile yenye muhuri, juu ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto:
mama anyonyeshaye aruhusiwe,
muda usiozidi saa mbili kwa siku.
Nimeisoma kwa kidole, mimi wa darasa la saba,
mstari kwa mstari, nikitafuta umri.
Haukuandikwa. Imeandikwa: mtoto.
"Sasa huyu ni nani?"
Akasema atauliza Mtwara.
Mpaka leo Mtwara haijajibu.

Nesi wa kliniki anasema miaka miwili au zaidi.
Shehe wetu anasema miwili kamili, macho yake chini kwa adabu.
Mama mkwe hasemi. Alileta shubiri
ndani ya kikombe cha bati, akaenda zake.
Nilipaka. Chande akalamba, akakunja uso,
akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi,
akasema: "Kaoshe."
Nikaenda nikaosha.
Tangu hapo naishi ndani ya yale maneno mawili, au zaidi,
kama aliyepewa chumba cha uani
akaambiwa kaa, tutaona.

Lakini sheria msiisifu upesi.
Saa imenipa, kilo haikunipa.
Hapa tunalipwa kwa kilo ya korosho nyeupe, nzima, isiyovunjika,
na kila nikikaa juu ya gunia nyuma ya kibanda cha mlinzi
beseni langu linanyamaza.
Ijumaa, kwenye mizani,
maziwa yanakatwa bila kutajwa.
Asumta Mmole wa meza yangu,
ambaye wake hakufika arobaini,
husukuma konzi ya korosho zake upande wangu.
Haangalii.
Nikimshukuru anasema ziliteleza.

Jumatano hii Chande alikuja kwa miguu yake.
Nimeshanawa, nimeshafungua kifungo cha juu,
naye akaiona filimbi ya mlinzi.
Akaipuliza. Akaipuliza tena.
"Nyonyo?" nikaita mimi, kwa sauti yake.
Akatikisa kichwa, mashavu yamejaa upepo.
Kanga ikalowa pande mbili.
Nilikuwa na dakika arobaini,
halali, zenye muhuri,
sikujua pa kuzipeleka.
Nikazikaa zote.